Oscar Baumann: Aliyeipeleka Mbulu Ulaya kwa dira na daftari

KATIKA sayari ya Mirihi kuna vyombo vyenye magurudumu sita ambavyo binadamu wamevituma kwenda kutazama kwa niaba yao. Kimoja, Curiosity, kilitua Agosti 2012. Kingine, Perseverance, kilitua Februari 18, 2021. Havina mtu ndani. Kazi yake ni kupiga picha, kutoboa miamba, kupima joto na upepo, kisha kukaa na habari hizo tumboni vikisubiri njia ya kuzifikisha nyumbani.

Njia hiyo ni ya kupokezana. Antena ya chombo ni ndogo na umeme wake ni haba, hivyo kikitaka kusema na dunia moja kwa moja, habari hupita kidogo kidogo kama maji ya bomba lililoziba. Kwa sababu hiyo hutegemea setilaiti zinazoizunguka Mirihi. Setilaiti inapopita juu yake, kwa dakika chache tu, chombo huitupia mzigo wake kwa mawimbi ya redio. Nayo huelekeza antena yake kubwa upande wa dunia, ambako masikio makubwa yaliyojengwa California, Hispania na Australia husikiliza kwa zamu, kwa kuwa dunia haikomi kujizungusha. Mawimbi hayo husafiri kwa dakika 3 hadi 22, kutegemea sayari hizo mbili zimeachana kwa umbali gani. Kwanza huletwa picha ndogondogo, ili wataalamu wachague ipi inafaa kuletwa kwa ukubwa wake kamili.

Msomaji anaweza kuuliza mambo haya yanahusiana vipi na wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Yanahusiana, kwa sababu zaidi ya miaka 130 iliyopita nyanda hizo za juu, kwa macho ya wachora ramani wa Ulaya, zilikuwa ni Mirihi yao: nafasi nyeupe juu ya karatasi. Aliyetumwa kuijaza nafasi hiyo alikuwa kijana wa miaka 27 kutoka Vienna, jina lake Oscar Baumann.

Baumann alizaliwa Vienna, makao makuu ya dola ya Austria na Hungaria, Juni 25, 1864. Tangu ujanani alipenda jiografia, na katika taasisi ya ramani ya jeshi la dola hiyo alijifunza ufundi ambao ndio uliomjengea jina: kupima nchi wakati mtu akitembea. Akiwa hajafikisha miaka 20 alikwenda kuchunguza milima ya Montenegro. Mwaka 1885 aliingia katika msafara wa Oskar Lenz uliopanda mto Kongo. Kazi yake ilikuwa kuuchora mto huo. Walipofika maporomoko ya Stanley, karibu na mahali ulipo mji wa Kisangani leo, ugonjwa ulimlemea akalazimika kurudi. Njiani alikaa katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho sasa kinaitwa Bioko, akakiandikia kitabu. Hivi ndivyo alivyokuwa: hata safari iliyovunjika ilimwachia kitabu.

Afrika Mashariki aliingia kwa mkosi. Mwaka 1888 alifuatana na Hans Meyer, Mjerumani ambaye mwaka uliofuata alifika kilele cha Kibo, wakiwa na nia ya kwenda Kilimanjaro. Walipita Usambara, na Baumann alikuwa akiandika na kuchora kila hatua. Lakini mwaka huo ndio pwani ilipowaka moto. Watu wa Pangani na miji mingine walikataa kutawaliwa na kampuni ya Kijerumani, wakaongozwa na Abushiri bin Salim. Wapagazi walitawanyika, mizigo ikaporwa, na wazungu hao wawili wakajikuta wamefungwa minyororo mikononi mwa watu wa Abushiri. Waliachiwa baada ya kutoa fidia ya fedha. Abushiri mwenyewe alinyongwa na Wajerumani mjini Pangani Desemba 15, 1889.

Mpelelezi akipotea kabla hajatuma alichokiona, ni kama hakwenda. Wanaoendesha vyombo vya Mirihi wanaujua uchungu huo. Chombo Opportunity, kilichotua Januari 2004, kilifunikwa na tufani ya vumbi na kikasikika kwa mara ya mwisho Juni 10, 2018. Chochote kilichokuwa bado tumboni mwake kimebaki huko huko. Baumann alitoka Pangani na uhai wake, na kabla ya miaka miwili kupita alikuwa amekwisha chapisha kitabu juu ya safari hiyo na maasi yale, kisha akarudi Usambara kufanya upimaji mwingine.

Safari iliyomleta upande wa Mbulu iligharimiwa na kamati ya Kijerumani ya kupinga utumwa, iliyokusanya fedha zake kwa bahati nasibu. Jina la kamati lilikuwa zuri. Hata hivyo, mengi yaliyofanywa kwa jina hilo yalikwenda sambamba na kazi ya kuitwaa nchi, na Baumann aliagizwa kuchunguza eneo lililo kati ya pwani na Ziwa Victoria, hasa Umasaini, ambako misafara ya biashara ilipita kwa hofu na wazungu walikuwa hawajapapima. Aliondoka Tanga Januari 1892 akiwa na wapagazi na askari, akashika njia ya magharibi.

Vifaa vyake vingetoshea katika sanduku moja la bati: dira, saa, vipimo vya kukadiria mwinuko, daftari na penseli. Ufundi wenyewe ni rahisi kuueleza na ni mgumu kuufanya. Msafara ukiondoka alfajiri, mpimaji hutazama dira na kuandika upande wanaoelekea, kisha hutazama saa. Njia ikipinda, huandika tena. Kilima kikitokea kushoto, hupima pembe yake kwa dira, na baada ya saa moja hukipima tena kutoka mahali pengine, ili mistari miwili ikikutana kwenye karatasi kilima kiwe kimepata makazi. Kwa kuwa mwendo wa wapagazi kwa saa unajulikana, saa hugeuka kuwa maili. Kazi hii hufanywa kila robo saa, kwenye jua na mvua, mtu ana homa au hana. Jioni wengine wakipika, yeye hunakili. Siku moja ya uzembe huharibu mstari wa safari nzima.

Machi 1892 alifika kwenye ziwa lililo chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na anatajwa kuwa mzungu wa kwanza kuliona: Ziwa Manyara. Jina hilo linasemekana limetokana na neno la Kimasai la mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe unaopandwa kuzungushia maboma. Kisha akapanda ukuta, na Machi 18 akasimama ukingoni mwa bonde la Ngorongoro, akateremka ndani.

Hapo alikuta jambo ambalo dira haikuweza kulipima. Sotoka ilikuwa imeingia Afrika Mashariki muda mfupi kabla, ikafagia ng'ombe wa Wamasai karibu wote, na ndui ikafuata. Watu waliokuwa wakiogopwa toka ziwani hadi pwani walikuja kwenye kambi yake wakiwa mifupa. Aliwaona wanawake waliokwisha nguvu, watoto waliofanana na vyura kwa kukonda, morani waliotembea kwa kutambaa, na wazazi waliokuwa tayari kuwatoa watoto wao wapate nyama. Walikula ngozi na damu na mabaki ya machinjioni. Alikadiria kwamba theluthi mbili ya Wamasai wote walikuwa wamekufa. Kurasa hizo ndizo zinazosomwa zaidi na wanahistoria hadi leo katika yote aliyoandika, kwani ni wachache waliokuwapo wakayaona na kuyaandika.

Alivuka Serengeti akafika Ziwa Victoria, akazunguka pande za kusini mwa ziwa hilo, na Septemba 1892 akavuka mto Kagera. Anahesabiwa kuwa mzungu wa kwanza kukanyaga ardhi ya Rwanda, ingawa alikaa muda mfupi. Burundi watu wengi walimpokea kwa nyimbo wakidhani ni mfalme wao wa ukoo wa Mwezi aliyerudi, naye hakujitahidi sana kuwaondolea dhana hiyo. Wengine walimpinga, na msafara wake ukapigana na kuua. Huko alitangaza kwamba amefika chanzo cha Nile, katika vijito vinavyolisha mto Ruvubu. Katika dai hilo amepata wabishi wengi, lakini si lengo la makala haya kuingia katika ubishi wa vyanzo vya Nile, ambao una wasomaji wake na hasira zake.

Kutoka huko aligusa Ziwa Tanganyika, akapita Tabora, na badala ya kushika njia kuu ya misafara kwenda Bagamoyo alipinda tena kaskazini mashariki. Ndipo alipopita katika nchi aliyoiandika kwa jina la Iraku, yaani nyanda za juu za Mbulu, na kuendelea hadi Ufiomi na Irangi. Alifika Pangani Februari 1893, mji ule ule alioujua akiwa na minyororo.

Sehemu hii ya safari yastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu hakuna mahali pengi Afrika ambapo mpelelezi angeweza kupotea kwa urahisi kama Mbulu, si njia, bali kwa maana. Wairaqw lugha yao ni ya Kikushi, ndugu wa lugha za Ethiopia na Somalia. Majirani zao Wadatoga, ambao Wabarbaig wa Hanang ni sehemu yao, wanasema lugha ya Kinailoti. Wambugwe walio bondeni ni Wabantu. Na upande wa Yaeda na Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, wawindaji ambao lugha yao wataalamu wameshindwa kuipatia ndugu. Mtu anaweza kutembea siku tatu na kusikia lugha nne ambazo hazina ukoo mmoja. Kwa mgeni anayepita na saa mkononi, huo ni mtihani.

Tena Wairaqw walikuwa wamejifunza kutoonekana. Kwa hofu ya wavamizi wa ng'ombe, nyumba nyingi za zamani huko Kainam zilichimbwa ndani ya mteremko, paa likalingana na ardhi na kuota majani, mifugo ikalala ndani na wenyewe. Mtu aliyesimama kwenye kilima cha pili angeona mashamba na moshi, asione kijiji. Chombo cha Mirihi kinaweza kupita karibu na jiwe la thamani kisilijue kwa kuwa kamera ilielekea kwingine. Lakini Mirihi mawe hayajifichi kwa makusudi.

Kosa linaloonekana hadi leo liko kwenye majina. Habari ya Baumann ilipita kwa wasemaji wa kati: wafasiri, viongozi wa msafara kutoka pwani, Wamasai waliojua njia. Kila mmoja alitaja majirani kwa jina alilozoea yeye. Wadatoga wakaitwa Mang'ati, neno la Kimasai lenye maana ya maadui. Wagorowa wakawa Wafiomi. Wairaqw wakawa Wambulu, jina ambalo wao wenyewe hawakujiita. Wataalamu wa mawasiliano wanajua kwamba kila kituo cha kupokezana huweza kuongeza kelele zake katika ujumbe. Ndiyo maana vyombo vya anga hutuma pamoja na habari tarakimu za ziada, ili anayepokea agundue palipoharibika na kusahihisha. Daftari la Baumann halikuwa na tarakimu za kukagua. Neno la adui wa mtu lilipita salama hadi kwa mchapaji.

Na njia ya kupitia hadi huko ilikuwa ndefu. Barua za wasafiri wa zama hizo zilibebwa na matarishi kwa miguu, kituo hadi kituo. Tabora na ziwani tayari Wajerumani walikuwa wameweka bendera. Pwani kulikuwa na meli, na Zanzibar kulikuwa na waya wa simu uliolazwa chini ya bahari hadi Aden tangu 1879, ambao kwao maneno machache ya gharama kubwa yangefika Ulaya kwa muda mfupi. Kwanza simu fupi, kisha barua, kisha ripoti, mwisho kitabu: ule ule mpango wa picha ndogo kutangulia na kubwa kufuata. Mizigo mikubwa, yaani madaftari, picha na vitu vilivyokusanywa, ilishuka vichwani mwa wapagazi. Majina ya wengi wao hayamo katika ramani yoyote, ingawa bila shingo zao hakuna mstari mmoja ambao ungefika.

Mwaka 1894 kitabu chake kikubwa juu ya safari ya Umasaini na chanzo cha Nile kilichapishwa Berlin. Mwaka huo huo, katika mji wa Gotha, mchora ramani Bruno Hassenstein alitoa ramani zilizotokana na madaftari yale. Yapo mambo mawili hapa. La kwanza ni la kustahi: mtu mmoja alitembea zaidi ya mwaka, akiandika kila robo saa, na mwingine ambaye hakupanda naye kilima hata kimoja aliweza kukaa mezani Ujerumani na kuiumba nchi kwa tarakimu tu. Wanaoendesha Perseverance nao hawajawahi kukanyaga wanakokuendesha. Mwaka 1965, chombo Mariner 4 kilipopita karibu na Mirihi na kuleta picha 22 kwa kasi ya tarakimu zipatazo nane kwa sekunde, wahandisi walishindwa kusubiri kompyuta imalize. Walibandika karatasi za namba ukutani wakazipaka rangi kwa mkono, namba kwa namba, wakaiona Mirihi hivyo. Hassenstein angewaelewa.

La pili ni kwamba ramani haikai kabatini. Ilipokwisha kuchorwa njia, kilimo, malisho na maji, waliokuja nyuma walijua pa kupita. Mbulu ikaingia katika utawala wa Wajerumani, baadaye wa Waingereza. Sisemi kwamba Baumann ndiye aliyebeba dhambi za wote waliomfuata. Lakini ipo tabia iliyoanza na watu wa aina yake, ya kuitazama nchi ya wafugaji kutoka mbali na kuiona tupu. Hata baada ya uhuru, katika miaka ya 1970 na 1980, ekari zipatazo 100,000 za Hanang zilizokuwa malisho ya Wabarbaig ziligeuzwa mashamba ya ngano ya shirika la umma kwa msaada wa Kanada, na wafugaji wakaenda mahakamani kudai kwamba ardhi ile haikuwa tupu. Aliyetazama karatasi aliona tambarare nzuri kwa trekta. Makaburi ya wazee, ambayo kwa Wabarbaig ndiyo hati ya ardhi, hayakuwa kwenye karatasi.

Baumann hakuishi kuyaona hayo. Baada ya Umasaini aligeukia visiwa. Alivipima Mafia, Unguja na Pemba, akaandika kitabu kwa kila kimoja kati ya 1896 na 1899, na watafiti wa historia ya pwani bado wanavifungua. Mwaka 1896 aliteuliwa kuwa balozi mdogo wa Austria na Hungaria mjini Zanzibar. Ni Zanzibar hiyo hiyo ambako, miaka sitini na kitu baadaye, Wamarekani waliweka huko Tunguu kituo cha kusikiliza vyombo vya mradi wao wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia Februari 20, 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyopokezana sauti yake na vipimo vya chombo chake. Kituo kilifungwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa upande wa Kenya, karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini kuanzia 1967, na ile iliyorushwa Desemba 12, 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru.

Homa za tropiki zilikuwa zimemla mwili muda mrefu. Alirudi Vienna akiwa mgonjwa na akafariki huko Oktoba 12, 1899, akiwa na umri wa miaka 35, mwaka ule ule kitabu cha Pemba kilipotoka. Alikuwa ametumia sehemu kubwa ya utu uzima wake akitembea katika nchi za watu wengine na sehemu iliyobaki akiandika alichokiona. Wapo waliosafiri mbali kuliko yeye, na wapo waliokuwa wakatili zaidi. Wachache walileta nyumbani tarakimu safi kama zake.

Vitu alivyokusanya Afrika vimo katika jumba la makumbusho la Vienna, na madaftari yake yaligeuka karatasi zilizochapwa Gotha. Katika tambarare zilizo chini ya mlima Hanang, mlima ambao Wajerumani waliuita Gurui, jina la Mang'ati linatumika mpaka leo, na wapo vijana wa Katesh wanaolitaja bila kujua kwamba ni neno la jirani lenye maana ya adui.